Kondoo Gani Ana Nyama Njema?



Sisi wa kazi ya kuchinja na kuchuna twajua neno moja: kondoo akitundikwa kwenye ndoana, maneno ya sokoni yamekwisha. Hapo huonekana paja, sarara, mifupa na shahamu. Lakini nyama ikikataliwa, lawama hutuangukia sisi. Basi yafaa tujue lipi latoka kwa mbegu ya kondoo, lipi kwa malisho, na lipi kwa mikono yetu.

Merino alikuzwa kwa ajili ya sufu. Paja lake ni jembamba hata akichunwa na fundi. Hampshire Down wa Uingereza ni kondoo wa nyama, mgongo mpana na paja limejaa. Dorper alipatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Persia mwenye kichwa cheusi. Akilishwa vema, mwanawe hufika kilo 36 hivi kabla ya kutimiza miezi minne, akatoa nyama ya kilo 16 hivi. Lakini akizidishiwa chakula hujaa shahamu mapema, na mnunuzi hulalamika.

Kondoo mwekundu wa Kimasai ni mdogo zaidi, na shahamu yake nyingi hukaa mkiani na matakoni. Wako wasemao kwamba hafai. Tusikubali upesi. Huko Diani, pwani, kati ya 1991 na 1996, wataalamu walimlinganisha na Dorper. Yule mwekundu alistahimili minyoo ya tumbo zaidi, na kundi lake likazalisha zaidi. Paja nene lina faida gani ikiwa kondoo amekufa malishoni?

Sasa sehemu yetu. Kumvuta kondoo kwa manyoya huvilisha damu chini ya ngozi, na kisu kibaya huharibu nyama na ngozi pia. Hayo ni yetu, tuyaepuke. Lakini wembamba wa paja na wingi wa shahamu si kosa la mchunaji, wala asikatwe mshahara kwa ajili yake.

Na wenzetu wenye kondoo nyumbani, msiuze kwa kukisiwa kwa macho. Manyoya mengi na mkia mnene hudanganya macho, mizani haidanganyi. Tudai kondoo apimwe mbele ya mwenyewe, na daraja la nyama liandikwe.

Mizani kwanza, bei baadaye.