Uinjilisti Pembezoni mwa AFCON 2027: Wajibu wa Makanisa ya Mbarara na Nakivale

Tangu tarehe 27 Septemba 2023, Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania dhamana ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, makanisa ya ukanda huu yamefunguliwa mlango wa uinjilisti wa michezo, yaani kutangaza habari njema za Kristo kwa watu waliokusanywa na mashindano. Mada hii inashikilia kwamba kwa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, kazi hiyo itafanyika hasa kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira, na kwamba haitakuwa na heshima isipotenganishwa kabisa na misaada.

Kuhusu viwanja vyenyewe, sheria ziko wazi. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki inakataza propaganda ya kidini katika maeneo ya mashindano ya Olimpiki, na Sheria ya 4 ya soka hairuhusu kauli za kidini kwenye mavazi ya mchezaji, hata fulana ya ndani mfano wa ile ya kumtangaza Yesu aliyoionyesha Kaká mjini Athens mwaka 2007, AC Milan ilipoifunga Liverpool. Kwa hiyo nafasi ya kuhubiri iko nje ya viwanja, kwenye mabanda.

Nakivale, iliyoanza kupokea wakimbizi wa Kinyarwanda miaka zaidi ya sitini iliyopita, leo inakaliwa pia na Wakongo, Warundi na Wasomali, na wengi wa Wasomali hao ni Waislamu; Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Katika mazingira hayo hatari kubwa ni uongofu wa kununuliwa, yaani kumvuta mtu katika dini kwa chakula, nguo au ahadi, kwa kuwa anayeishi kwa kungojea mgao hana uhuru kamili wa kumkatalia anayeushika mgao huo, na mtoto aliyepewa mpira baada ya kunyoosha mkono wa kuokoka hawezi kusemwa kuwa ameamua. Ndiyo maana Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Harakati ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali zinakataza misaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini.

Ankole, eneo la Mbarara na Nakivale, ina urithi ulio bora kuliko uongofu huo wa kununuliwa. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, uliotokea Gahini nchini Rwanda na kuenea huku tangu miaka ya 1930, ulisambaa kwa ushuhuda wa jirani kwa jirani, kwa kuungama hadharani na kurudisha kilichoibwa, wala haukuhitaji zawadi.

Kwa hiyo viongozi wa makanisa ya Mbarara, yaani Waanglikana wa Ruharo na Wakatoliki wa Nyamitanga, pamoja na wachungaji wakimbizi, wanaombwa waketi na wazee wa Kiislamu na kamati za ustawi wa wakimbizi kabla ya mechi ya kwanza, wakubaliane mahali na saa za mahubiri, na wakubaliane pia kwamba siku ya mgao hakuna atakayehubiri.