Mwenye kutunza foto na mwenye kuchagua foto
(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka)



Tunaanza kwa kuomba musamaha. Tulipotayarisha maonyesho, tulitoa foto moja ya kambi ya Lugufu ndani ya ambulopu yake, tukaibandika ukutani. Watoto wane wanasimama mbele ya hema. Kila mutu aliipenda. Lakini majina yao bibi aliyaandika juu ya ambulopu, na ambulopu ile ilipotea kati ya zingine. Bibi amekwisha kufa. Sasa wajukuu wanatuuliza: baba yetu mudogo ni yupi hapa? Hatuna jibu.

Kosa ni letu: tulimupa mutu mumoja kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni ya mutunza arshivi. Yeye hachagui. Foto nzuri na foto ya kupasuka, kwake zote ni sawa. Anaacha foto za jamaa moja pamoja, vile zilivyokuja. Anaandika namba, majina, na nani alizileta. Anamutumikia mutu atakayekuja kuuliza kisha miaka 50.

Kazi ya pili ni ya mwenye kupanga maonyesho. Yeye anachagua. Katika foto 100 anatoa 10, anazipanga ili ziseme jambo. Anamutumikia mutu anayeingia leo.

Muangalie Sammy Baloji wa Lubumbashi. Katika kazi yake «Mémoire», alitwaa foto za wafanyakazi wa migodi wa wakati wa ukoloni, akaziweka juu ya foto zake za viwanda vilivyochakaa. Aliweza kuchagua kwa sababu kuna waliotunza mbele yake.

Basi komite imekata shauri. Kazi hizi zitakuwa na watu wawili. Foto yenyewe haitoki tena, ukutani tutaweka kopi. Jina linatembea pamoja na foto. Na mwenye foto akikataa, haionyeshwi, hata kama mufadhili ameipenda sana.

Wafadhili, tunaomba sanduku za chuma, kwa sababu unyevu wa ziwa unakula foto.

Wanamemba, musifunge foto ndani ya sashe, zinagandana. Muandike majina nyuma kwa kreyo, pole pole, si kwa biki.

Wazee wenye kujua majina wangali nasi. Tuende kuwauliza sasa, tusingojee matanga.