Texas ya Darasani na Texas ya Kituo cha Kura



Wanapozungumzia idadi ya watu wa Texas, wengi huanza na swali moja: lini weupe watakuwa wachache, na siku hiyo siasa za jimbo zitageuka vipi? Swali hilo limechakaa. Weupe wasio Walatino waliacha kuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa Texas katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, na siasa hazikugeuka kama ilivyotabiriwa. Tukiendelea kulisubiri jibu lake, tutapitwa na jambo kubwa zaidi.

Hoja ya mada hii ni kwamba mabadiliko ya Texas yanaeleweka vizuri yakitazamwa kwa umri. Watoto wanaojaza madarasa na watu wazima wanaojaza vituo vya kura ni wa asili tofauti. Wa kwanza ndio wanaolikuza jimbo. Wa pili ndio wanaoamua walipe kodi gani, wahesabu nani na wachore mipaka wapi. Shule, sensa na uchaguzi ni sehemu tatu ambamo makundi haya mawili hukutana, na nitazipitia moja baada ya nyingine.

1. Ukubwa wa ongezeko

Texas ina eneo la karibu kilomita za mraba 696,000, kubwa kuliko Kenya. Sensa ya Marekani ya 1850, ya kwanza tangu jimbo lijiunge na nchi hiyo, ilihesabu watu 212,592, na kati yao 58,161 walikuwa watumwa. Mwaka 1950 walifika milioni 7.7. Mwaka 2000 walikuwa milioni 20.9, mwaka 2010 milioni 25.1, na mwaka 2020 walikuwa 29,145,505. Katika muongo huo mmoja wa mwisho waliongezeka watu wapatao milioni nne, na hakuna jimbo jingine la Marekani lililopata nyongeza kubwa kiasi hicho. Mwaka 2022 Texas ilivuka milioni 30, ikawa ya pili kufanya hivyo baada ya California.

Sababu zimekuja kwa mafungu. Mafuta yaliyofumka Spindletop, karibu na mji wa Beaumont, mwaka 1901 yalivuta mitaji na vibarua. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliondoa mfumo uliowapendelea Wazungu, ikafungua mlango kwa Waasia na Waafrika. Baada ya 1975 wakaja wakimbizi wa Vietnam na kuweka makazi kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico. Juu ya hayo, jimbo halitozi kodi ya mapato kwa mtu binafsi, na kwa miaka mingi nyumba zake zimekuwa nafuu kuliko za California, hivyo familia na kampuni kutoka majimbo mengine zimehamia kwa wingi. Wapo pia wanaozaliwa: karibu nusu ya ongezeko la 2010 hadi 2020 ilitokana na vizazi kuzidi vifo. Baadaye uzito ulihamia kwingine. Makadirio ya kati ya Julai 2023 na Julai 2024 yanaonyesha nyongeza ya watu wapatao 563,000, na zaidi ya nusu yao walitoka nje ya Marekani.

Watu hawa hawakusambaa sawasawa. Wengi wamejikusanya katika pembetatu ya Dallas na Fort Worth, Houston, na San Antonio na Austin. Texas ina kaunti 254, na katika muongo wa 2010 kaunti 143 kati ya hizo zilipoteza watu. Kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, ilikuwa na wakazi milioni 4.7 mwaka 2020. Kaunti ya Loving, upande wa magharibi, ilihesabiwa mwaka huohuo ikakutwa na watu 64. Jimbo linalosifiwa kwa kukua ni jimbo ambalo zaidi ya nusu ya kaunti zake zilipungua katika muongo huo.

2. Walioongezeka ni akina nani

Walatino, yaani wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, waliongezeka kwa karibu milioni mbili kati ya 2010 na 2020. Waasia waliongezeka kwa takribani 613,000, Wamarekani weusi kwa 558,000, na weupe wasio Walatino kwa 187,000. Maana yake ni kwamba katika kila watu 100 walioongezeka, 95 hawakuwa weupe. Sensa ya 2020 iliwakuta weupe wakiwa asilimia 39.7 na Walatino asilimia 39.3, lakini makadirio ya Julai 2022 yaliwaweka Walatino mbele, kwa asilimia 40.2 dhidi ya 39.8.

Tusidhani kwamba Walatino wote ni wageni. Familia nyingi za kusini mwa jimbo zilikuwapo wakati nchi hiyo ikiwa sehemu ya Mexico, kabla Texas haijajitenga mwaka 1836. Mpaka ndio uliohama, wao walibaki palepale.

Sasa tuje kwenye umri. Umri wa kati wa Walatino wa Texas ni mdogo kwa zaidi ya miaka kumi kuliko ule wa weupe. Karibu nusu ya watoto wote wa jimbo ni Walatino, ilhali zaidi ya nusu ya wazee wenye miaka 65 na kuendelea ni weupe. Katika shule za umma, zenye wanafunzi wapatao milioni 5.5, Walatino walivuka nusu katika mwaka wa masomo wa 2010/11, na weupe wamebaki robo hivi. Lakini ukihesabu wenye haki ya kupiga kura pekee, Walatino ni karibu theluthi moja, na wanaofika kituoni ni wachache zaidi ya hapo. Wengine bado ni watoto, wengine hawana uraia, na wengine wanayo haki yote lakini hawajiandikishi.

3. Darasani: nani analipa?

Shule za umma za Texas hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo inayokusanywa na kila wilaya ya shule. Wilaya yenye majumba ya thamani na visima vya mafuta hupata fedha nyingi kwa kiwango kidogo cha kodi. Wilaya maskini hujitoza kiwango kikubwa na kuambulia kidogo. Mwenye nyumba kwa kawaida ni mtu mzima, na mara nyingi hana tena mtoto shuleni. Ukichanganya mfumo huu na pengo la umri nililolieleza, unapata ugomvi ambao umedumu zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Edgewood, wilaya ya shule yenye watu wengi wenye asili ya Mexico katika San Antonio, waligoma wakalalamikia majengo mabovu na upungufu wa walimu. Wazazi, wakiongozwa na Demetrio Rodriguez, wakafungua kesi. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha kuwa Edgewood ilitumia dola 356 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ilhali Alamo Heights, wilaya ya matajiri katika jiji hilohilo, ilitumia dola 594. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia wazazi kwa kura tano dhidi ya nne, ikisema elimu si haki inayolindwa moja kwa moja na katiba ya taifa. Baadaye wilaya hiyohiyo ilirudi mahakamani, safari hii kwa kutumia katiba ya Texas, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubali kwa kauli moja kwamba mfumo ule ni batili. Ikazaliwa sheria ya 1993 inayozitaka wilaya tajiri kutoa sehemu ya mapato yao. Wenye wilaya hizo waliipa jina la Robin Hood, mwizi wa hadithi anayewapora matajiri na kuwapa maskini, na hadi leo inanung'unikiwa.

Kesi nyingine ilitoka mji wa Tyler. Sheria ya jimbo ya 1975 iliruhusu shule kuwanyima nafasi watoto walioingia nchini bila vibali, na Tyler ikaamua kuwatoza dola 1,000 kwa mwaka. Katika hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya Juni 1982, Mahakama ya Juu ya Marekani, tena kwa kura tano dhidi ya nne, ilisema mtoto hawezi kuadhibiwa kwa uamuzi wa mzazi wake. Hukumu hiyo ndiyo inayowaweka darasani maelfu ya watoto nchini kote mpaka sasa.

Sisi wenye Kiswahili tuna hisa humo. Katika shule za Houston, Fort Worth na Abilene wamo watoto wa wakimbizi wa Kongo, baadhi yao wakiwa wamezaliwa katika kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, ambao nyumbani huongea Kiswahili. Januari 2020 Gavana Greg Abbott alitangaza kwamba Texas haitapokea wakimbizi wapya mwaka huo. Mahakama ya shirikisho ikaizuia amri ya rais ambayo gavana huyo aliitegemea. Suala hilo liliwagusa watoto wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kura.

Mtaalamu aliyeonya mapema kuhusu pengo hili la umri na asili ni Steve Murdock, aliyekuwa mtaalamu wa idadi ya watu wa jimbo kabla ya kuiongoza Ofisi ya Sensa ya Marekani. Yeye hakulieleza kama suala la huruma. Alisema vijana Walatino na weusi ndio nguvukazi itakayowalea wazee wa Texas. Wakiachwa na elimu ndogo na mishahara midogo, kaya za jimbo zima zitakuwa maskini zaidi, weupe wakiwamo.

4. Katika sensa: nani anahesabiwa?

Kuelekea sensa ya 2020, California ilitenga dola milioni 187 za kuhamasisha wananchi wajihesabishe. Bunge la Texas halikutenga kitu. Kazi iliachiwa miji, kaunti na mashirika ya hiari. Tathmini ya Ofisi ya Sensa yenyewe ilikuja kuonyesha kwamba Texas ilihesabiwa pungufu kwa asilimia 1.92, yaani zaidi ya watu nusu milioni. Kwa Marekani nzima Walatino walihesabiwa pungufu kwa karibu asilimia 5, na watoto chini ya miaka mitano ni miongoni mwa wanaosahaulika zaidi.

Gharama yake inaonekana. Wachambuzi wengi walitarajia Texas ipate viti vitatu vipya katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, lakini ilipata viwili. Fedha za serikali kuu kwa shule, barabara na matibabu nazo hugawanywa kwa takwimu hizo kwa miaka kumi. Mzee mwenye nyumba yake alihesabiwa. Aliyerukwa ni mtoto aliyelala kwa shangazi katika nyumba ya kupanga.

5. Katika mipaka: kura inapimwaje?

Baada ya sensa huchorwa maeneo ya uchaguzi. Katika kesi ya Evenwel dhidi ya Abbott, wapigakura wawili wa Texas waliomba maeneo ya seneti ya jimbo yasawazishwe kwa idadi ya wenye haki ya kupiga kura badala ya wakazi wote. Ombi hilo lingekubaliwa, mitaa yenye watoto wengi na wasio raia ingepoteza uwakilishi. Aprili 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo liendelee kuhesabu kila mkazi, ila ikaacha wazi iwapo jimbo linaweza kuchagua njia nyingine. Hilo bado litarudi.

Mwaka 2021, ingawa asilimia 95 ya nyongeza haikuwa ya weupe, viti vyote viwili vipya viliwekwa katika maeneo ambayo weupe ndio wengi miongoni mwa wapigakura. Agosti 2025 bunge la jimbo lilichora tena ramani katikati ya muongo, kwa msukumo wa Rais Trump, likilenga viti vitano zaidi vya chama cha Republican.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba Walatino ni kura ya upande mmoja iliyofungiwa nje. Kaunti ya Starr, mpakani na Mexico, ambako zaidi ya asilimia 95 ya wakazi ni Walatino, ilimchagua Trump mwaka 2024, baada ya zaidi ya karne nzima ya kuwapa ushindi Wademokrati. Mafuta, ajira za ulinzi wa mpaka, dini na bei ya vitu vilisema zaidi ya asili. Ndiyo maana utabiri wa kisiasa unaotegemea rangi pekee umeshindwa.

6. Hitimisho

Texas inajua kupanga mbali inapotaka. Mpango wake wa maji wa 2022 unatazama hadi 2070, ukikadiria wakazi milioni 51.5, na Novemba 2025 wapigakura waliidhinisha hadi dola bilioni moja kwa mwaka kwa ajili ya maji. Watu hao wa 2070 ndio watoto wa sasa na watoto wao. Jimbo limekubali kuwahesabu kama wanywaji wa maji, lakini linasitasita kuwahesabu kama wanafunzi na wananchi.

Mapendekezo yangu ni matatu: sensa ya 2030 itengewe fedha na jimbo lenyewe, na kampeni ipitie shuleni; fedha za elimu zipunguze utegemezi wa thamani ya nyumba za jirani; na kila mkazi, mtoto akiwamo, aendelee kuwa kipimo cha uwakilishi. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka 2020 atafikisha umri wa kura mwaka 2030, awe alihesabiwa au alirukwa.

Kwa majadiliano, naomba tujiulize:

(a) Je, ni halali kwa jimbo kunufaika kwa viti kutokana na watoto na wasio raia, kisha kuchora mipaka inayowapunguzia sauti?

(b) Mzee asiye na mtoto shuleni ashawishiwe kwa hoja gani kulipia elimu: haki, au pensheni yake?

(c) Katika nchi zetu, ambako watoto ni wengi kuliko Texas, ni maamuzi gani yanafanywa na rika moja huku gharama zikibebwa na jingine?