Kompyuta ya Dukani: Tuweke Mfumo Gani?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wenye biashara ndogo, baada ya sala ya Alasiri, katika mwezi wa Ramadhan)



Nimepewa nusu saa, na nyote mwajua nusu saa ya Alasiri katika mwezi huu ilivyo ndefu kwa mtu mwenye funga. Basi sitazunguka. Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta ya dukani: iwekwe mfumo endeshi gani ili mali na siri za biashara zisalimike. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamka mwanzo unapowasha mashine, na zile nyingine zote huishi ndani yake. Windows ni mfumo endeshi. Linux ni nyingine. Shuleni tulifundishwa kuiita kompyuta "tarakilishi", lakini leo tuseme kompyuta tuelewane.

Nianze nyumbani. Ami yangu ana duka la vyombo na vitambaa vya harusi. Wateja wake wengi ni akina mama wanaoweka kidogo kidogo. Anayetaka kumuoza binti yake huleta shilingi 500 leo, 1,000 mwisho wa mwezi, mpaka itimie bei ya seti. Jina, namba ya simu na kiasi alichoweka, vyote vilikuwa ndani ya kompyuta. Daftari la karatasi tuliliacha zamani, na mimi ndiye niliyemshawishi aliache.

Asubuhi moja ya mwezi wa Rajab, mwaka juzi, kijana wa dukani aliwasha mashine akakuta mafaili yote yamebadilika majina na hakuna hata moja linalofunguka. Kwenye kioo kuna barua ya Kiingereza: lipa kwa dola, kwa pesa za mtandaoni, ndipo ufunguliwe. Ndiyo, tulikuwa na nakala. Ilikuwa kwenye fleshi, na fleshi yenyewe ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ile ile usiku na mchana. Nayo ilifungwa pia.

Ami hakulipa. Alichukua simu akaanza kuwapigia watu mmoja mmoja, zaidi ya sitini. "Hebu nikumbushe, mama, umeshaweka kiasi gani?" Wenye ujumbe wa M-Pesa mambo yalikuwa rahisi. Waliolipa taslimu ndiyo ikawa shughuli. Bibi mmoja alisema ana 3,000, na Ami moyoni akikumbuka ni zaidi, lakini hakuweza kuapa. Mwingine alitaja kiasi ambacho sisi sote dukani tulitazamana tulipokisikia. Ami aliandika alivyoambiwa, na mpaka leo hataki tulizungumze hilo.

Sasa, mlango aliopitia mwizi ulikuwa upi? Nilipoikagua mashine ile nilikuta kila mlango uko wazi. Fundi mmoja alikuwa ameweka Windows "ya bure", yaani nakala isiyolipiwa, halafu akaifungua kwa kiprogramu cha kuvunja kufuli ya leseni. Viprogramu vya namna hii mara nyingi hukuambia kwanza zima kinga ya virusi. Na baada ya hapo fundi akazima pia apdeti, eti kampuni isije ikagundua. Angalieni hapo, ndugu zangu. Umemfukuza askari, umemkataza seremala asizibe matundu, kisha umemwingiza ndani mgeni usiyemjua na kumpa funguo zote. Je, kunakili programu bila kulipia yafaa au haifai? Hukmu yake nawaachia masheikh waliokaa mbele hapa. Mimi nasema kwa upande wa usalama tu: hiyo ndiyo chaguo mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyojaa madukani mwetu.

Watu huniuliza, "Ni mfumo gani usio na kasoro?" Haupo. Mnamo Machi 2024 iligunduliwa kwamba kijiprogramu kimoja cha kubana mafaili, kiitwacho xz, kinachotumika katika Linux, kilikuwa kimetiwa mlango wa siri kwa makusudi. Aliyegundua ni mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, na kilichomtia shaka ni kuona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Basi hata Linux yenye sifa zote zile huingiliwa. Swali la kuuliza ni hili: kasoro ikionekana, kuna mtu wa kuiziba, na kiraka chake kitafika kwenye mashine yangu?

Chukueni mfano wa WannaCry. Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro ile tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja Ijumaa tarehe 12 Mei, takriban miezi miwili baadaye. Likaenea katika nchi zaidi ya 150, lilipita lenyewe kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya kitu, na kila mashine ilidaiwa dola 300. Uingereza hospitali ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Mashine nyingi zilizoumia zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa na kiraka chake kipo tayari. Dawa ilikuwepo, haikunywewa tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza utazame umri wa mfumo ulio nao. Bonyeza kitufe cha Windows, andika winver, bonyeza Enter, itakwambia. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10, ambayo naamini ndiyo iko katika nusu ya maduka ya waliokaa hapa, huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Biashara yaweza kununua muda wa ziada usiozidi miaka mitatu: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, mwaka wa pili bei mara mbili, wa tatu mara mbili tena. Piga hesabu, ni dola 427. Kwa hela hiyo mimi ningenunua mashine nyingine.

Windows 11 ni nzuri, lakini haikubali kila mashine. Yataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama ni prosesa ya Intel basi kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta zetu nyingi ni mitumba kutoka Ulaya, na muuzaji atakuambia "inaingia tu, usijali". Usimsikilize. Kuna njia za kuilazimisha, ila Microsoft yenyewe haikuahidi kwamba mashine iliyolazimishwa itaendelea kupata apdeti, na apdeti ndiyo tunayoitafuta.

Na hapa nina habari njema ambayo mafundi wengi hawaisemi. Kompyuta za makampuni makubwa zilizotoka kiwandani na Windows 10 kwa kawaida huwa na leseni iliyoandikwa ndani ya ubao mama wake. Ukiweka upya Windows halali ya aina ile ile, inajitambua yenyewe, na ikiwa mashine inafaa wapanda hadi Windows 11 bila malipo. Yaani kuna watu wamewekewa nakala ya wizi juu ya mashine ambayo tayari ilikuwa na haki yake! Mashine ya pili ya Ami ilikuwa hivyo hivyo. Tuliifuta, tukaweka ile halali, na wala hatukutoa senti.

Kwa mashine kongwe isiyoweza, mimi nafuata njia ya Linux. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo iko ya aina nyingi. Wakubwa wetu wa vyuo wanakumbuka Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, jinsi CD zake zilivyokuwa zikitumwa bure kwa posta. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 zina apdeti mpaka mwaka 2029. Mint inafanya kazi vizuri kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, na sura yake haitamtisha aliyezoea Windows. Ndani yake mna LibreOffice, inayofungua mafaili ya Excel. Leseni hulipii, na hiyo ni halali, wenyewe wametoa.

Lakini nisiwadanganye kwa mapenzi yangu. Kabla hujahama, andika kwenye karatasi kila kazi inayofanywa na kompyuta ile. Kama ni barua, hesabu, benki na eTIMS ya KRA kupitia kivinjari, Linux yatosha. Kama una programu ya kuuzia, ya stoo na risiti, iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, au printa ambayo haitambuliwi, utateseka na utarudi kwa fundi yule yule. Kuna njia ya kujaribu kwanza: iwashe Linux kutoka kwenye fleshi bila kuiweka ndani, uone intaneti na printa zinakubali. Na jiulize pia, siku ikigoma, nani mtaani kwenu ataifahamu? Mfumo usio na wa kuutengeneza hautakufaa hata uwe salama vipi. Mac sitaizungumzia sana. Ni salama, nayo pia huachwa ikizeeka, na bei yake mwaijua.

Hata ukichagua vizuri, yapo mawili yasiyokwepeka. Kijana anayeuza asitumie akaunti yenye mamlaka yote. Mfungulie yake ya kawaida, ili kisichofaa kisijiweke kwa jina lake. Pili ni nakala ya akiba: diski ya nje ichomekwe jioni, ikimaliza kunakili ichomolewe iwekwe kabatini. Ichomolewe, narudia, maana sisi tulifundishwa kwa gharama.

Na msidhani ni mali yako peke yako inayohusika. Ukiweka majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya wateja, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakugusa. Taarifa zikiangukia mikononi mwa mwizi na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, unatakiwa umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Sisi tuliosoma madrasa tunalo neno la zamani zaidi la kitu cha mwenzio ulichowekewa: amana.

Dukani kwa Ami leo kuna mashine mbili. Ya kuuzia ina Windows 11 halali, ya hesabu ina Linux Mint. Diski iko kabatini na ufunguo anakaa nao mwenyewe. Daftari la karatasi pia limerudi, na kila anayeweka pesa hupewa risiti.

Kwa wenye mashine wasizozijua, Jumamosi baada ya Adhuhuri mimi na wenzangu wawili tutakuwa hapa hapa ukumbini. Njooni nazo, pamoja na chaja zake, na yeyote ambaye mafaili yake hayana nakala atangulie kwenye foleni. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.