KAZI YA UINJINIA: DIGRII NI MLANGO TU
Maneno ya hotuba kwa wazazi na wanafunzi



Mtoto akipata nafasi ya kusomea uinjinia wa barabara, majengo na maji, jamaa yote hufurahi, na tangu siku hiyo majirani humwita "injinia". Furaha hiyo ni ya haki. Walakini yafaa wazazi na kijana mwenyewe waijue njia yote tangu mwanzo, maana wengi huvunjika moyo waonapo digrii imepatikana na kazi bado, hata wakadhani ya kwamba karo imepotea bure.

Katika Kenya mafunzo haya si mapya. Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1956 kilikuwa na masomo ya uinjinia, nacho ndicho kilichokua hata kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Masomo yenyewe huchukua miaka 5. Lakini miaka hiyo 5 haimfanyi mtu kuwa injinia kamili.

Sheria ya Mainjinia ya mwaka 2011 imeeleza jambo hili wazi. Mwenye digrii inayokubaliwa na Bodi ya Mainjinia huandikishwa kwanza kama injinia mhitimu. Kisha hana budi kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka 3, kuwa mwanachama kamili wa Chama cha Mainjinia, na kushinda mtihani wa kazi yake. Hapo ndipo awezapo kuandikishwa kuwa injinia kamili. Kwa hiyo mzazi mwenye busara huuliza mapema, kabla ya kulipa karo, kama masomo ya chuo kile yanakubaliwa na Bodi. Swali hilo moja laweza kuokoa miaka 5 ya kijana na ng'ombe wa baba yake.

Mwanafunzi naye asingoje digrii ndipo ajitayarishe. Wakati wa likizo hupelekwa mahali pa kazi ili ajifunze kwa vitendo. Wako wanaokwenda kutia sahihi tu na kukaa kivulini. Mwenye akili huchukua daftari, akavaa viatu vizito, akaandika kila aonalo. Darasani amesoma kwamba udongo mweusi wa Nairobi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Huko kazini huona nyufa katika ukuta uliojengwa juu yake bila hadhari. Amesoma kwamba maji yakizidi zege hupoteza nguvu. Huko humwona nyapara akitaka kuongeza debe moja la maji ili kazi iende upesi. Kijana mwenye elimu hunena kwa adabu, lakini hukataa. Kisha vipande vya zege ile vikivunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28, hujua kwa nini alikataa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wako pia wanaochagua kazi ya usafi wa maji na mazingira. Hawa hutengeneza njia za maji machafu, na kuyasafisha kabla hayajarudi mtoni, kama ifanywavyo katika mabwawa ya Ruai yanayopokea maji machafu ya Nairobi. Tena tangu sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kazi kubwa za ujenzi hazina budi kuchunguzwa kwanza zitaleta madhara gani. Hapo pana kazi kwa kijana anayejua kupima maji na kuandika ripoti inayoeleweka.

Baada ya masomo, wengine huajiriwa na mamlaka za barabara, makampuni ya maji, au serikali za kaunti 47 zilizoanza mwaka 2013. Wengine huenda kwa makandarasi au kwa mainjinia washauri. Mara nyingi kazi ni ya mkataba: daraja likiisha, na ajira imekwisha. Hapo daftari la kijana na ushuhuda wa mainjinia aliofanya kazi chini yao humsaidia kuliko maneno matamu.

Kwa nini sheria imeweka safari ndefu hivi? Aprili 2016 nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi, ikaua watu kama 50. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao wakiwa nyumbani kwao. Daktari akikosea hufa mgonjwa mmoja. Ukuta wa bwawa ukishindwa, hufa kijiji.

Basi mzazi amvumilie mwanawe katika miaka ile 3, wala asimcheke arudipo jioni na matope miguuni. Naye kijana asione haya kuwa chini ya mkubwa wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mwenye kujifunza kuuona ufa ungali mdogo, huyo ndiye injinia.