TAWI LA RANGWI: UPIMAJI WA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI NA MATITI

(Maneno ya Katibu wa Wanawake wa Tawi kwenye kikao cha Jumapili. Yanatumwa kwa wanachama wote, hasa ambao hawakufika.)



Niliomba nafasi hii kwa jambo moja. Serikali ilishasema kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi ni bure kwenye vituo vya umma. Sasa niulize: humu ndani, mama waliokwisha kupima ni wangapi? Mmeona wenyewe mikono iliyoinuka.

Bei ya kipimo haituhusu. Tatizo ni nauli ya bodaboda kwenda Lushoto na kurudi, na siku nzima ya shamba inayopotea. Mama mwenye karoti zinazosubiri kung'olewa hawezi kuziacha kwa ajili ya ugonjwa asiousikia mwilini. Na mvua zikianza, njia zetu mnazijua.

Ugonjwa wenyewe hauna haraka, na hapo ndipo unapotudanganya. Husababishwa na kirusi cha HPV, na huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wanawake zaidi ya 10,000 nchini waliugua saratani hii, na zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi hufika Ocean Road ugonjwa umeshakomaa.

Kipimo hakitishi. Muuguzi anapaka dawa aina ya siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia. Penye mabadiliko panageuka peupe. Mara nyingi anatibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandisha au kwa joto, bila kulazwa. Wanaohitajika zaidi ni wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU wasingoje umri huo, na wapime mara nyingi zaidi. Siku hiyo hiyo muuguzi anakagua na matiti. Nyumbani, ukiona uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, damu, au ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, usingoje siku ya upimaji. Nenda.

Mabinti wa miaka 9 hadi 14 chanjo yao ni bure, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Wanaosambaza uvumi kwamba inaua uzazi, nawaomba waache. Chanjo haigusi uzazi. Saratani ndiyo inayoondoa kizazi.

Maombi yangu ni mawili. Kwanza, Tawi limwandikie Diwani, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, tuombe huduma ya mkoba ije hapa Rangwi, na isije siku ya gulio. Siku hiyo mama yuko sokoni na mzigo.

Pili, na hili ni gumu zaidi, tuwe na mfuko. Mama akikutwa na tatizo kubwa ataandikiwa rufaa, pengine KCMC Moshi au Dar es Salaam. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023, lakini hailipi basi wala chakula cha anayemsindikiza. Kumpima mtu, kumwambia anaumwa, kisha kumwacha mlimani na karatasi mkononi, mimi naona ni ukatili. Mfuko uanze kabla ya kipimo.

Akina baba, msinitazame hivyo. Mnaposema "nitafikiria" mkeo akiomba nauli, huo ni uamuzi.

Na niseme wazi mbele ya viongozi: siku ya upimaji hakuna sare za Chama, hakuna bendera, hakuna kuulizana kadi. Aje wa chama chochote na asiye na chama. Tukifanya vingine, nusu ya mama wa kata hii watabaki nyumbani.

Anayetaka kuandikishwa amuone Katibu wa Wanawake ana kwa ana, au amtume mtu anayemwamini. Jina la mgonjwa lisiandikwe kwenye kundi hili. Michango ya mfuko inapokelewa na Mhazini kwa stakabadhi, na barua kwa Diwani itasomwa kikao kijacho kabla ya kupelekwa.