Kompyuta ya Michezo: Pesa ni Zetu Sote

Vijana wetu wanataka kompyuta ya michezo, na pesa ni hizi za mchango wetu. Mara ya kwanza tuliuziwa moja yenye taa za kupendeza. Mchezo ukawa wa kukwama-kwama. Jamani, taa hazichezi mpira! Safari hii tutafute ya mezani iliyotumika ofisini, kama Dell OptiPlex, halafu tuiongezee kadi ya picha, GTX 1650, ile isiyodai waya wake wa umeme. Pawasaplai ya mashine ya ofisi haina nguvu nyingi. Tupime kasha pia: jembamba halipokei kadi pana. Memori iwe GB 16, diski SSD. Na kabla ya kulipa, vijana wacheze hapo hapo dukani, nusu saa nzima.